Mihuri Mitatu kwa Neno Moja

Ilinichukua chini ya saa moja kumpa mwalimu wa darasa la tatu ugonjwa ambao mtu huzeeka nao. Nilikuwa na kalamu nzuri, mwandiko unaosomeka na haki ya kuandika. Wakati huo, mjini Butembo, mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee mwenye diploma ya uuguzi wa magonjwa ya akili, tena ya ng'ambo, na sidhani kama nazidisha nikisema kwamba hata Beni hawakuwa na wa kulingana nami.

Diploma hiyo hakuna aliyenipa. Nilivuka mpaka wa Kasindi nikiwa na suruali mbili. Upande wa Uganda nilibeba magunia ya chumvi mpaka ngozi ya mabega ikawa ngumu, nikajifunza Kiingereza kwenye magazeti waliyofungia samaki, nikaingia chuo nikiwa mkubwa kuliko wanafunzi wote na nikatoka wa kwanza. Niliporudi, vita ya kwanza ilikuwa imepita na ya pili imeshaanza. Watu walikuwa wanakimbilia nilikotoka. Mimi nilikuwa naingia. Diploma niliifunga tumboni chini ya shati, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu kwenye vizuizi askari walichukua saa na viatu, na sikutaka kujua kama wanachukua na vyeti. Hospitali ilinipa chumba, meza, viti vinne na muhuri wa mviringo wenye cheo changu. Nasema haya si kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki.

Mwalimu aliletwa asubuhi moja ya manyunyu na wakwe zake, mama mkwe na baba mkwe. Hilo lilikuwa la kawaida. Kwetu mwanamke aliyeolewa huletwa hospitali na watu wa nyumba aliyoolewa, na hao ndio husema. Watu wake wa kuzaliwa walikuwa Mabalako, upande wa pili wa Beni, na njia ya huko wiki zile ilikuwa imefungwa. Kiti cha nne kilibaki kitupu.

“Anaumwa nini?” niliuliza.

“Kichwa, dokta,” mama mkwe akajibu. “Ashaanza kusema na mulango.”

“Na mlango?”

“Mulango ya nyumba. Anasema, ‘Karibu, ingia, chakula kiko.’ Na inje hapana mutu.”

“Tangu lini?”

Alimtazama mumewe. Mzee alikuwa akikunja kofia yake magotini.

“Alikuya nayo,” mama mkwe akasema. “Hata siku ya ndoa, pasta anaomba, yeye anacheka. Tulinyamaza tu, juu tulikuwa tulishamupenda.”

Ndoa ilikuwa na miaka mitatu, nami nikaandika: zaidi ya miaka mitatu. Kitabu kinene cha vigezo nilichorudi nacho kilidai dalili zidumu miezi kadhaa. Zikiwa za siku chache, huo ni ugonjwa mwingine wenye jina jingine na mwisho mwingine. Mimi niliomba miezi nikapewa miaka. Nilifurahi, kama fundi anayepata ubao mrefu kuliko alioagiza.

Kisha nikamgeukia mgonjwa. Alikaa wima, midomo imepasuka, macho chini. Alijibu kwa maneno machache, kwa Kiswahili safi cha darasani.

“Unasikia sauti ya mtu ambaye wengine hawamwoni?”

“Ndiyo.”

“Ya nani?”

“Ya mume wangu. Ananiita jina langu, mlangoni.”

“Mume wako yuko wapi?”

“Amekufa. Njia ya Luofu.”

Mama mkwe alijipiga paja. “Munasikia? Mwana wangu eko safari! Alienda Luofu kutafuta maharagi, atarudi. Huyu njo anamuua na mudomo!”

“Umejuaje kwamba amekufa?” nikamuuliza mwalimu.

“Niliona baiskeli yake sokoni. Mtu mwingine ameipanda. Kitambaa cha kiti nilikishona mimi.”

“Kuna watu wanaokusema vibaya?”

“Wanasema mimi ndiye niliyemtuma Luofu ili asirudi.”

“Akina nani?”

Alimtazama mama mkwe, mara moja tu, akarudisha macho chini. Niliona. Nikaandika: anawashuku watu wa karibu wanaomtunza.

Sauti, ilikuwepo. Imani ya uongo isiyotikisika, ilikuwepo: mume aliye hai ameamini amekufa. Kuona ujumbe wake binafsi katika kitu kinachopita sokoni, yaani ile baiskeli. Shuku. Uso usiocheza. Muda. Kila kisanduku kilipata alama yake, nami nikaandika katika kijitabu chake cha afya, kwa herufi kubwa, SKIZOFRENIA, nikapiga muhuri.

Kijitabu hicho ni kile cha kawaida, daftari la kurasa chache ambalo mgonjwa hununua mlangoni na kutembea nalo maisha yake yote. Hospitali haibaki na kitu. Ukienda kwingine unakifungua mezani, na yule wa kwingine anaanza pale wa kwanza alipoishia.

Niliagiza sindano ya kila mwezi. Mama mkwe akauliza kuhusu mtoto. Mwalimu alikuwa na binti wa mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya.

“Asinyonye tena,” nilisema. “Dawa inapita katika maziwa.”

“Na kulala naye?”

“Kwa sasa abaki kwa bibi yake.”

Mwalimu aliinua macho kwa mara ya pili asubuhi ile. “Mpaka lini, dokta?”

“Mpaka utakapopona,” nikamwambia, na wakati nasema hivyo kalamu ilikuwa bado mkononi, nimetoka kuandika ugonjwa ambao kitabu changu kilisema wachache tu hupona.

Mwezi wa pili sindano zilikuwa zimemkakamaza. Alitembea bila kutupa mikono, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Wakwe walishtuka, wakampeleka Beni kwa daktari wa hospitali kubwa zaidi, mtu mzima aliyezoea kila ugonjwa. Daktari akafungua kijitabu, akaandika neno lilelile, akapiga muhuri. Baadaye njia ikafunguka, wakamrudisha Mabalako kwa mama yake, wakabaki na mtoto. Kituo cha afya cha kule nacho kikaandika vilevile, kikapiga muhuri.

Habari hizo zilinifikia, na sitaficha kwamba zilinipendeza. Chuoni walimu wetu walitenganisha maswali mawili. La kwanza: wataalamu wawili wakimtazama mgonjwa mmoja, watasema neno moja? La pili: hilo neno lina kitu chini yake? Skizofrenia haina kipimo cha damu wala picha; ina masikio ya anayeuliza na mdomo wa anayejibu, basi. Kwa hiyo ugonjwa huo unahitaji wataalamu wakubaliane kuliko ugonjwa wowote. Na hapa kwetu, katikati ya vita, watu watatu katika miji na vijiji vitatu walikuwa wamekubaliana. Nilisimama mbele ya wauguzi wa mji wote katika mkutano wa mafunzo, nikasimulia kisa hicho bila kutaja jina. “Mihuri mitatu kwa neno moja,” niliwaambia. “Hivi ndivyo kazi inavyofanywa nje.” Walipiga makofi. Mmoja aliomba kunakili orodha yangu ya maswali.

Wiki chache baada ya mkutano huo alikuja mwanamke mwenye viatu vya mpira, matope mpaka magotini, kikapu cha ndizi kichwani. Hakubisha hodi. Aliweka kikapu juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu.

“Wewe njo ile dokta ya diploma?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Mimi njo mama yake mwalimu. Nimetembea siku tatu juu ya kukuona sura. Nilifikiri uko muzee.”

Nilimwambia akae. Alikaa kwenye kile kiti cha nne.

“Mutoto wangu uliandika nini?”

Nikamweleza kwa upole kwamba binti yake ana ugonjwa unaoitwa hivi, unaoanza hivi, kwamba ulianza kabla ya ndoa.

“Kabla ya ndoa?” Alicheka kicheko kifupi. “Papa, kabla ya ndoa alikuwa anafundisha batoto makumi tano katika chumba moja. Kila siku. Mwenye kichwa mubaya anaweza? Wewe unaweza?”

“Wakwe zake walisema siku ya harusi alicheka wakati wa maombi.”

“Pasta alikuwa amevaa viatu kushoto ku kuume! Kanisa yote ilicheka! Mimi nilicheka!”

Nikamuuliza basi ilianza lini. Akanihesabia kwa vidole. Mkwe wake aliondoka kwenda Luofu. Alipopitisha wiki mbili bila kurudi, mwalimu aliona ile baiskeli. Alipolia nyumbani kwamba mumewe amekufa, wakwe walimpeleka katika chumba cha maombi ili roho ya uongo imtoke.

“Walimufunga siku saba,” mama alisema. “Kavu. Hapana kula, hapana kunywa, kidogo tu maji ya kulowesha ulimi. Na kulala hapana, juu banaimba. Siku ya nane banakuletea wewe.”

Nikakumbuka ile midomo iliyopasuka. Nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote katika mji huu angejua kuuliza, na sikuuliza alikula lini. Mtu yeyote mzima akikaa siku saba bila maji ya kutosha wala usingizi, ataongea na mlango, na mlango utamjibu.

“Na mume?” niliuliza. “Wao wanasema yuko safarini.”

“Alikufa,” alisema, kama mtu anayetaja bei. “Kuna mama moja wa Luofu anauzisha viazi Mangina, karibu na kwetu. Alikuwa katika batu balimuzika pembeni ya njia.”

Hapa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Familia haifungui kilio mpaka aje mtu aliyeona. Bila maiti na bila shahidi, mtu hafi, yuko safarini. Miaka ile nyua za Butembo zilijaa watu walio safarini. Nguo zao zilifuliwa na kukunjwa, na aliyethubutu kusema “amekufa” alihesabiwa kuwa amemuua kwa kinywa chake. Mjomba wangu mwenyewe alikuwa safarini tangu vita ya kwanza, na mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa watu walioniuliza. Desturi hiyo naijua tangu utoto. Lakini chumbani mwangu sikumuuliza mama mkwe mwanawe alituma habari mara ya mwisho lini. Niliwapima wazee wawili wenye mvi na mgonjwa mmoja mwenye midomo mikavu, nikachagua wazee, na kifo cha kweli nikakiandika kama dalili.

“Unataka nifanye nini, mama?”

“Nataka mjukuu wangu arudi kwa mama yake. Bale banasema hapana. Banasema karatasi tatu zimekataa. Toa ile neno.”

“Neno siwezi kulitoa hivi hivi. Wenzangu wawili wamelithibitisha.”

“Ule wa Mabalako?” Alichukua kikapu chake, akaacha ndizi mbili mezani, sijui kwa heshima au kwa dharau. “Ule hakumuangalia hata sura. Alifungua kijitabu, akasoma, akachoma sindano. Nilikuwa pale.”

Wiki hiyo nilikwenda Beni. Nilipanda juu ya lori la mbao. Kwenye kizuizi cha pili askari mmoja aliona mkoba wangu, akaniambia kwa Kilingala, “Monganga, nkisi ya moto,” yaani dawa ya kichwa, nikampa vidonge sita vya maumivu, akaniacha na viatu vyangu.

Daktari wa Beni alikuwa anakula chumbani kwake, ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo. Alinikaribisha kwa sauti kubwa.

“Monsieur diplômé! Ng'ambo imekurudisha kwetu! Nawa mikono.”

Nilinawa, tukala. Nikamuuliza kuhusu mwalimu, kama anamkumbuka.

“Yule aliyekakamaa? Namkumbuka.”

“Ulimpima vipi mpaka ukafika kwenye skizofrenia?”

Aliacha kutafuna. “Mimi? Mimi niliikuta.”

“Lakini uliandika.”

“Niliandika yako. Chini kuna muhuri wako, mukubwa kama sahani. Nilijiambia, huyu amesoma miaka mitatu kwa vichwa peke yake, mimi napasua hernia. Nitampinga kwa nini?” Akanitazama, akaanza kucheka. “Mais, ndugu, usiniambie ulikuja njia yote hii kuuliza kama mimi nilikuwa nafikiri!”

Nilicheka naye. Sikuona la kuchekesha, lakini nilikuwa nakula chakula chake.

Hivyo mihuri mitatu ilikuwa mmoja. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka mahali pawili, nikadhani ni watu wanaokubaliana nami.

Tulipanga jambo ambalo, kwa ufahamu wangu, lilikuwa halijafanywa na mtu yeyote kutoka Beni mpaka Lubero, na wazo lilikuwa langu. Daktari alikuwa anakuja Butembo kila mwisho wa mwezi kuchukua dawa. Nilisimamisha sindano za mwalimu, nikasubiri miezi miwili ili dawa itoke mwilini. Muda huo yeye na mama yake walikaa katika chumba cha kupanga huko Vulamba, mtaa uleule wa wakwe. Mwalimu alimwona mtoto wake Jumapili tu kanisani, mabenchi kadhaa mbele yake, mgongoni mwa bibi. Siku ikafika. Daktari alimpima asubuhi katika chumba kimoja, mimi nikampima baada yake katika kingine. Kila mmoja alikuwa na karatasi tupu. Kijitabu kilifungiwa kabatini. Hakuna aliyezungumza na mwenzake mpaka tulipokunjua karatasi.

Nilitegemea tukubaliane kwamba nilikosea. Nilikuwa nimeshajiandaa hata kwa hilo, na nilikuwa naona lingenipa heshima.

Karatasi yake ilisema skizofrenia.

“Umesoma kijitabu,” nilimwambia.

“Kiko kabatini, ufunguo ni wako. Nimemuuliza mwenyewe. Bado anasikia mume wake.”

“Bibi yangu alimsikia babu mpaka naye akafa, na alilima mpaka wiki ya mwisho.”

“Bibi yako sikumpima. Huyu nimempima. Uso hauchezi.”

“Ni mabaki ya sindano.”

“Miezi miwili?”

“Sindano hizo hukaa mwilini. Na ni mwalimu, amefundishwa kutazama chini mbele ya mkubwa. Na mumewe amekufa kweli.”

“Mimi sisemi hakufa. Mtu anaweza kufiwa na kuwa mgonjwa pia. Njaa ya maombi na kilio vinaweza kuamsha kitu kilichokuwa kimelala. Wewe mwenyewe ulisoma hivyo, au siyo?”

Nilisoma hivyo. Tulibishana mpaka dereva wake akaja mara mbili. Hakuwa mjinga na hakuwa mkaidi. Kila alichoona kilikuwepo, na mimi nilikiona pia, ila kwangu kilikuwa na sababu na kwake kilikuwa na jina. Hakukuwa na mashine ya kutuamua. Tungeweza kumwita wa tatu, naye angetupa wingi wa kura, si ukweli. Daktari alikunja karatasi yake, akanipa mkono, akaondoka na masanduku yake ya dawa.

Kwa mwalimu, ubishi wetu haukuwa na faida yoyote. Wakwe walikuwa wameita kikao Jumamosi ile nyumbani kwao, kuamua moja kwa moja kama mtoto atalelewa huko. Mama yake mwalimu alinifuata hospitali kunikumbusha saa, kana kwamba mimi ndiye ningesahau.

Nilivaa koti. Tulikaa uani, kwenye viti vya mbao: baba mkwe mbele, mama mkwe kando yake, mimi katikati ya viti vyao na mkeka. Mwalimu na mama yake walikuwa kwenye mkeka. Mtoto alikuwa ndani. Tulimsikia akigonga sufuria.

Baba mkwe ndiye aliyeanza. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

“Dokta, ulituandikia neno. Neno hiyo tuliishika. Leo inasema nini?”

“Daktari wa Beni na mimi tumempima tena,” nilisema. “Yeye anasema ni ugonjwa uleule. Mimi nasema siyo.”

“Basi,” mama mkwe akasema, “ziko karatasi tatu za ndiyo, na moja ya hapana. Tatu inapita moja.”

“Mama, zile tatu ni moja. Ya kwanza niliandika mimi. Wale wawili walisoma yangu.”

“Basi ulitudanganya?”

“Sikuwadanganya. Niliandika haraka, na nusu ya niliyoandika mlinipa ninyi. Hamkuniambia kwamba ametoka kufunga siku saba.”

“Hukuuliza!”

Ilikuwa kweli, na nilikubali kwa kichwa. Baba mkwe akainua mkono, akanitazama.

“Tuache ile ya zamani. Sisi batu ya kulima na kuuzisha, hatujui kitabu. Wewe njo unajua. Eko mugonjwa ao hapana?”

Majibu mazuri nilikuwa nayo mengi. Ningeweza kusema kwa uzito kwamba si mgonjwa, na pengine muhuri wangu ungetosha tena kama ulivyotosha mara ya kwanza. Mama yake mwalimu alikuwa ananitazama akisubiri hilo. Lakini karatasi ya daktari wa Beni ilikuwa kichwani mwangu, na nilikuwa nimechoka kuisikia sauti yangu mwenyewe.

“Sijui,” nilisema.

“Hujui?”

“Sijui kama alikuwa nao. Sijui kama ataupata. Watu wawili waliosoma wamemtazama siku moja wakasema mambo mawili. Ninachojua ni kwamba leo anakula, analala, anasema sawasawa na anaweza kubeba mtoto wake. Na jambo lingine. Niliandika kwamba anajidanganya kuhusu mumewe. Niliandika hivyo bila kumuuliza mtu hata mmoja wa Luofu.”

Nimetamka maneno mengi ya kitaalamu mbele ya watu. Hilo la “sijui” ndilo lililonigharimu zaidi, na mpaka leo sijalizoea.

“Mwana wangu eko safari,” mama mkwe alisema.

Kisha mama yake mwalimu akasema, polepole, bila ule ukali aliokuja nao kwangu:

“Mama, mwenzangu. Ule mama wa Luofu aliniambia alikuwa amevaa tricot ya kijani. Mukono moja ilikuwa murefu kupita mwenzake.”

Butembo ni mji wa baridi na wanawake wengi huwafumia wana wao tricot, yaani sweta. Mama mkwe alishusha macho mikononi mwake. Nilimwona akipima urefu fulani kwa vidole juu ya paja lake, kutoka kifundo cha mkono mpaka kiwiko, mara mbili.

“Nilisema nitafumua,” alisema. “Akakataa, alikuwa na haraka.”

Baba mkwe alivua kofia, akaiweka chini.

“Kama dokta mwenyewe hajui,” alisema, “sisi tunashikilia mutoto juu ya nini? Lete mutoto.”

Mama mkwe aliingia ndani. Kugonga kwa sufuria kukakoma. Alikaa huko muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akatoka na mtoto kiunoni, amevalishwa gauni safi na soksi. Alimweka mapajani mwa mwalimu bila kumtazama mwalimu usoni. Mtoto alimtazama mama yake, akageuka kumtafuta bibi, akaanza kulia. Mwalimu hakumkumbatia kwa nguvu. Alimshika tu mgongoni kwa kiganja kilichofunguka, akasubiri, kama mtu anayesubiri darasa linyamaze.

“Usimupatie sombe ya jana,” mama mkwe akasema. “Inamuharisha.”

“Ndiyo, mama.”

“Na usiku anapiga mablanketi na miguu. Umufunike tena.”

“Ndiyo, mama.”

Ndipo mama mkwe akaketi chini, si kwenye kiti chake bali kwenye udongo. Baba mkwe akasimama mlangoni mwa ua.

“Muite bajirani,” alisema. “Muambie tunafungua kilio.”

Sauti ya kwanza ilitoka kwa mama mkwe mwenyewe, na majirani hawakuhitaji kuitwa. Walianza kuingia wakiwa na vitenge mabegani, wengine na mikono yenye unga. Mtoto alishtuka kwa kelele, akajificha kifuani mwa mama yake. Mwalimu alisogea mpaka ukingo wa mkeka, akaacha nafasi, akamvuta mama mkwe mkono ili asikae kwenye udongo uliolowa. Mama mkwe alikubali. Wakakaa wawili, mtoto katikati, na hapo nikasikia kwa mara ya kwanza mwalimu akimlilia mumewe kama wanawake wote wanavyowalilia waume zao, kwa sauti, bila mtu wa kumuuliza amejuaje kwamba amekufa.